Kuwepo Bila Kuonekana: Nuru katika Picha za Tokihiro Sato

Swali la kuwepo, yaani kinachothibitishwa pale mtu anaposemwa kuwa yupo mahali fulani, mara nyingi hujibiwa kwa ushahidi wa macho, na kamera huaminiwa kama shahidi asiyesahau. Tokihiro Sato, mpigapicha wa Japani aliyezaliwa mwaka 1957 na kusomea uchongaji wa sanamu jijini Tokyo, anaitikisa imani hiyo kwa kutumia kamera yenyewe.

Katika mfululizo wake ambao jina lake huunganisha nuru na pumzi, Sato hutega kamera kubwa ya filamu ya sentimita 20 kwa 25 na kuiacha lenzi wazi kwa saa moja hata tatu. Mchana huifunika lenzi kwa kichujio cheusi ili filamu isiungue, kisha huingia ndani ya mandhari akiwa na kioo, akisimama hapa na pale kuuelekeza mwanga wa jua kwenye lenzi. Gizani hutumia tochi. Kila mmweko huacha alama angavu, ilhali mwili wake, usiotulia mahali pamoja kwa muda wa kutosha, hauachi chochote. Hubaki miti, miamba, maji na nukta za nuru.

Mtazamaji mwenye haraka ataziita picha hizi picha za utupu, na hapo atakuwa amekosea sana. Moshi ni dalili ya moto, lakini huendelea kupaa hata moto unapozimika. Tofauti na moshi huo, nukta ya Sato ya mchana haipatikani isipokuwa jua, mkono unaogeuza kioo na lenzi vikutane kwa wakati mmoja, hivyo kuwepo kunakoonyeshwa hapa si sifa ya mwili peke yake bali ni uhusiano kati ya vitu vitatu. Hata lugha ya Kijapani ina nafasi ya wazo kwamba nuru na kisichoonekana vinaweza kukaa pamoja: neno kage, ambalo leo ni kivuli, hapo kale lilimaanisha pia mwanga, na maana hiyo imesalia katika tsukikage, yaani mbalamwezi.

Katika picha zake za msituni, nukta iliyo karibu na mizizi hudokeza kwamba mshika kioo aliinama, na iliyo mbali zaidi hudokeza mwendo aliokwenda. Ila ipi ilitangulia haiwezi kujulikana, kwa kuwa saa zote zimelala pamoja juu ya karatasi moja.