UNATAFUTA FURAHA? ANZA KUTII NYUMBANI KWAKO!



Je, una furaha? Sikuulizi ile ya ngoma na vigelegele. Nakuuliza furaha ya Jumatatu asubuhi: sukari imekwisha, mtoto ana homa, mwenzako amenuna, karo haijalipwa. Hapo je?

Wengi wetu Jumapili tunaimba mpaka sauti inakauka, lakini tukifika mlangoni kwetu furaha inabaki nje. Shida iko wapi, ndugu yangu? Tunataka kumtumikia Mungu kila mahali, isipokuwa pale alipotuweka!

YESU ALITII NYUMBANI

Soma Luka 2:51. Mwana wa Mungu alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Kabla ya muujiza wowote, alikaa miaka mingi katika nyumba ya seremala. Soma tena Yohana 15:10-11. Aliwaambia wanafunzi wazishike amri zake, kisha akawapa sababu: furaha yake iwe ndani yao, tena itimie. Umeona? Amri na furaha zinalala chumba kimoja. Ukiifukuza moja, na nyingine inaondoka.

WATU WA KAWAIDA KAMA WEWE

Katika mji wa Alençon, Ufaransa, Louis Martin alikuwa fundi saa, na Zélie Guérin fundi wa lesi. Wote wawili walitamani utawa, na wote wawili walikataliwa. Wakaoana mwaka 1858, wakamtii Mungu ndani ya ndoa. Alfajiri walikwenda Misa, kisha kazini. Jumapili Louis alifunga duka, hata kama faida ilikwenda kwa wengine. Jioni baba huyo aliwaimbia watoto na kuwatengenezea vitu vya kuchezea.

Usidhani maisha yao yalikuwa laini. La! Walizaa watoto 9, wakazika 4. Watu wakamwambia Zélie ingekuwa heri asingewazaa. Hakukubali maneno hayo. Aliamini atawakuta mbinguni. Binti yao Léonie alikuwa mgumu, hata shule ikamrudisha nyumbani. Hawakumtupa. Mwaka 1877 Zélie akafa kwa kansa ya titi, na kitinda mimba alikuwa na miaka 4 tu.

Lakini Mungu si mwongo! Mabinti wote 5 waliobaki wakawa watawa, Léonie naye akiwemo. Yule mdogo ndiye Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Na tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko akawatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke pamoja.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Usingoje kesho. Anza LEO.

Baba, mshahara upite nyumbani kabla haujapita baa. Mama, yule uliyemnunia tangu juzi, msemeshe kabla jua halijazama. Kijana, ukitumwa, nenda bila kuguna. Zimeni redio, salini Rozari pamoja, hata fungu moja tu kwa kuanzia. Una dhambi inayokula moyo? Padre yupo, nenda ukaungame.

Na wewe unayepigwa kila siku, sikia: Mungu hakukuamuru kupigwa. Tafuta msaada, ukae salama. Utii wa Injili haumlindi mwenye ngumi.

Labda unasema, "Mimi bwana nimechoka, nyumba yangu haibadiliki." Je, wewe umebadilika? Tii jambo moja dogo leo, hata kama hakuna anayekuona. Mungu anaona. Furaha haitashuka na tarumbeta. Utaikuta jikoni, ukiosha vyombo kwa upendo.

SALI HIVI:

Bwana Yesu, uliyetii Nazareti, ingia nyumbani kwangu. Nisamehe manung'uniko yangu. Nionyeshe jambo moja unalotaka nifanye leo, unipe nguvu ya kulifanya, na furaha yako ikae kwetu. Amina.