Mawe yanapoanguka Kericho

Kericho, eneo la chai nchini Kenya, hupata mvua ya mawe kwa wastani wa siku 50 hivi kwa mwaka. Mwaka mmoja zilifika 132, rekodi ya dunia. Dakika chache tu, na majani mabichi ambayo yangechumwa kesho yamelala chini yamechanika. Wiki kadhaa zitapita kabla chai haijachipua tena.

Tunasifu jamii inayojitegemea, na tuna haki. Kwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet, nyumba moja ikiungua, kokwet nzima, yaani ujirani wote, huja na mikono yake. Lakini mawe hupiga kilima kizima. Jirani aliyekuletea debe la mahindi mwaka jana, leo naye anatazama shamba tupu. Kumwambia mtu huyo ajikaze ni kumwonea.

Wala hahitaji gunia la unga linalokabidhiwa mbele ya kamera. Anahitaji mbolea kwa mkopo, na mwalimu mkuu atakayengoja karo mpaka kiwanda kilipe tena. Na kwa kuwa mawe hupita kwa mkanda mwembamba, mara nyingi kilima cha pili kimepona. Msaada kutoka nje unaweza kuanzia pale, ng'ambo ya mto, jioni ileile.