Harufu ya Mwindaji

Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi, niliishi kwa mjomba wangu upande wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru. Huko ndiko lilikonianzia swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: mtu akitumia kitu kisicho na nguvu yoyote, naye akafanikiwa, tuseme kitu hicho kimemsaidia?

Mjomba alikuwa mwindaji. Msomaji asiye wa kwetu na ajue kwamba kwa Waluguru mjomba si mtu mdogo. Ukoo wetu hufuata upande wa mama, na neno la mjomba aghalabu hupita la baba. Kwa hiyo alilolisema kuhusu mawindo sikulichukua kama maoni ya mtu, nililichukua kama jambo lilivyo. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na nyavu, mkuki na mbwa wawili waliokonda, pamoja na wenzake wanne au watano. Walitafuta funo na nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mihogo, na mara moja moja minde, yule mnyama wa rangi ya giza mwenye kishungi baina ya pembe, ambaye haonekani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya hapa Tanzania. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 1974 ilikwisha kupitishwa, lakini sikumbuki kuona kibali mkononi mwa mtu yeyote. Leo msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, tangu mwaka 2008, na ninayoyasimulia hapa simshauri mtu akayafanye.

Kabla ya kwenda porini mjomba alijitayarisha siku tatu. Hakugusa sabuni. Jioni alisimama juu ya moshi wa majani mabichi mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akajipaka kivumbasi kilichopondwa, na alfajiri ya safari akajisugua miguu kwa mavi makavu ya mnyama aliyekuwa akimtaka. Shingoni alivaa kipembe kidogo chenye dawa aliyorithi. "Mnyama haoni sana, mpwa wangu," aliniambia. "Mnyama ananusa. Ukimwondolea harufu yako, wewe si mtu tena, wewe ni mti."

Masharti hayakumhusu yeye peke yake. Siku zile tatu hakulala na mkewe. Mke naye, wakati waume wako msituni, hakutakiwa kugombana wala kutembelea majirani, na zaidi ya yote asiwe na mwanamume mwingine. Akivunja sharti, harufu ya mume itarudi, dawa au si dawa. Imani ya namna hii haikuwa yetu peke yetu. Wawindaji wa makabila mengi ya Afrika ya Mashariki waliishika, hasa wale wa tembo.

Msimu mmoja walikosa mara tatu mfululizo. Mara ya tatu nilikuwapo, nimebeba wavu. Tulichelewa kuondoka kwa sababu mmoja wao alikuwa na mgonjwa nyumbani, na tulipoanza kupanda jua lilikwisha kuchomoza na kuupata mteremko. Nakumbuka jambo moja waziwazi kuliko yote: upepo ulinipuliza kisogoni. Ulitoka nyuma yetu, bondeni, ukapanda pamoja nasi na kutupita. Tulipofika pale palipokuwa na nyayo mbichi, hapakuwa na kitu. Mbwa walizungukazunguka, wakalala.

Jioni ile wazee walikaa. Hawakuijadili dawa, dawa ilikuwa imerithiwa. Walijadili masharti. Mjomba alipoulizwa, alisema ya kwake ameyatimiza yote, na nina hakika alisema kweli. Basi macho yakageukia nyumbani. Mkaza mjomba alikana. Alikana jioni ile, akakana kesho yake, na siku ya tatu alifunga mizigo yake, akamweka mtoto mgongoni, akarudi kwao. Mimi nilimsindikiza hadi mtoni. Hakulia. Alinishukuru kwa kumvusha, kama vile nilikuwa mgeni.

Hiyo ndiyo sababu swali hili kwangu si la kupitishia wakati.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa mjomba wa watu, mpwa wangu anayefanya kazi Marekani aliniletea habari ya kunichekesha. Kila mwaka majani yanapopukutika wenzake wa kazini huenda kuwinda wale wanyama ambao sisi tunawajua zaidi katika Biblia, ayala. (Watu hupenda kuwaita kulungu, lakini kulungu wetu ni mnyama wa namna nyingine kabisa.) Walimwalika, wakamwonyesha vifaa: suti zenye unga wa mkaa ndani ya kitambaa ili kunasa harufu ya mwili, sabuni zisizo na manukato, maji ya kupuliza kwenye viatu, hata mafuta yanayonuka udongo na majani makavu, na chupa za mkojo wa ayala jike. "Mjomba," aliniuliza, "hizi si dawa za babu?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana zilikuwa zile zile. Moshi umekuwa mkaa na kivumbasi kimekuwa chupa, basi. Mkaa wenyewe una sayansi yake, sikatai. Hunasa hewa chafu, ndiyo maana hutumika katika vichujio vya maji na vinyago vya viwandani. Ila ukishajaa umejaa, na kuusafisha upya kunahitaji moto mkali kuliko ule wa mashine ya kukaushia nguo, ambayo ndiyo aliyo nayo mnunuzi. Tena suti haifuniki pumzi, na kila mwanadamu hudondosha vipande vya ngozi visivyoonekana kila dakika ya maisha yake. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, John Shivik, alichapisha matokeo ya jaribio lake. Aliwaficha watu porini, wengine wakiwa na suti hizo na wengine hawana, akawatuma mbwa waliofunzwa kutafuta watu. Mbwa waliwapata wenye suti kama walivyowapata wasio nazo. Kilichobadilisha kazi yao zaidi kilikuwa hali ya hewa, na upepo ukiwamo. Mwaka 2007 wawindaji wa jimbo la Minnesota waliwapeleka wauzaji mahakamani, na kesi ikazunguka miaka kadhaa huku mawakili wakibishana juu ya maana ya kitenzi "kuondoa".

Lakini kwa nini niende Marekani kutafuta ushahidi wakati ushahidi uko mjini kwetu? Ukitoka Morogoro mjini kuelekea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, utafika mahali wanapofunzwa panya buku. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia pale mwaka 2000. Panya hufunzwa kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwa kuwa ni mwepesi, hukanyaga juu ya bomu bila kulilipua, na eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa hivi. Wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu ya kutegwa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Tangu mwaka 2007 wengine hunusa makohozi, na wamewagundua wagonjwa wengi wa kifua kikuu ambao darubini iliwaacha. Na mwaka 2024 watafiti wa pale walitangaza kwamba panya wao wanatambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo, hata vikichanganywa na kahawa au sabuni ya unga.

Nilipoisikia habari hiyo ya kahawa na sabuni ya unga nilimkumbuka mjomba. Alidhani harufu ni kama rangi, ukipaka nyingine juu yake ya kwanza imekwisha. Kwa pua ya mnyama si hivyo. Mtu aliyejipaka kivumbasi ananuka mtu na kivumbasi. Suti ya Marekani huenda ikapunguza kidogo, sibishi, lakini pua inayolijua bomu lililofukiwa udongoni haitadanganywa na fulana.

Je, basi mjomba alikuwa akijidanganya tu? Hapa ndipo ninapopata taabu, kwa sababu mara nyingi alirudi na nyama. Nimefikiri sana, nami naona dawa ilimsaidia, ila kwa mlango mwingine. Mtu aliyejizuia siku tatu haendi porini kwa mzaha. Huamka mapema, na alfajiri ni saa nzuri, kwa kuwa hewa ya baridi ingali inateremka kutoka mlimani na harufu ya mpandaji inabaki nyuma yake. Hutembea polepole asije akaiharibu dawa yake. Havuti sigara, haongei. Anaamini, na anayeamini hungoja saa nne pale ambapo mwingine angengoja moja. Mpwa wangu aliniambia wale wenye suti nao ndivyo walivyo: waliotumia fedha nyingi ndio wanaokaa kimya kuliko wote. Yako mambo mengi duniani tunayoyafanya vizuri kwa sababu tusizoweza kuzithibitisha, na sioni raha ya kumvua mtu kila kisichothibitika mpaka abaki anatetemeka.

Ningependa kuishia hapo, kwa upole huo. Siwezi, kwa sababu ya mtoni.

Panya wa Morogoro hupimwa. Kabla ya kupelekwa kwenye mabomu hupewa uwanja wa majaribio ambao yeye hajui kilichofukiwa, wala walimu wanaomwongoza hawajui, na akipitwa na moja hajafaulu. Panya akikosea, amekosea yeye. Dawa ya mjomba haikupata kupimwa hivyo. Ilikuwa imejengwa kwa namna ambayo haikuweza kukosea: mawindo yakipatikana, ni dawa, na yakikosekana, ni mtu. Lile sharti la mke, ambalo kwa miaka mingi nililiona kama pambo la desturi, ndilo lililoibeba dawa yote. Bila mtu wa kubeba makosa yake, dawa ile ingekufa msimu ule wa kukosa mara tatu. Mmarekani akikosa ayala wake hujilaumu mwenyewe, kwamba hakufua vizuri au aligusa petroli njiani, kisha hununua suti nyingine. Hasara ni ya mfuko wake. Kwetu aliyelipa hakuwa mwindaji.

Nami nilikuwapo. Nilihisi upepo kisogoni. Sitajisingizia kwamba nilielewa yote. Kijana wa miaka kumi na minne hajui hewa ya mlima inavyogeuka jua linapoupasha mteremko. Lakini nilijua kwamba ulitutangulia, na nilijua kwamba tulichelewa kwa sababu isiyomhusu yule mama. Ningeweza kusema, "Mjomba, leo upepo ulikuwa nyuma yetu." Ni maneno machache tu. Nilinyamaza kwa heshima, na heshima ile ilikuwa nusu yake woga. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba mtoto hawarekebishi wazee. Ni kweli, harekebishi. Lakini hakuna aliyenikataza kusema nilichohisi katika ngozi yangu mwenyewe.

Mjomba alifariki, naye mpaka mwisho hakuwahi kusema kwamba mkewe hakuwa na kosa. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Angekubali hilo, angelazimika kukitupa kipembe cha babu zake.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumwona yule mama kwao, nikitokea Morogoro. Ni mzee sana sasa, macho yamefifia, lakini alinitambua kwa sauti. Nilimwamkia, akaitikia, akaniagizia kigoda. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, na nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja: siku ile, kuchelewa, upepo wa nyuma, na kwamba nilijua nikanyamaza.

Alisikiliza akimenya ndizi kwa kupapasa.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa jikoni. Niliwasha moto mlipoondoka. Moshi wangu wote ulikwenda huko huko mlikokwenda ninyi. Nikasema moyoni, hawa leo watarudi mikono mitupu."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

"Niliwaambia. Jioni ya kwanza. Wewe ulikuwa umetumwa kuni."

Sikuwa na la kujibu. Alimaliza ndizi moja, akachukua nyingine. Ili nisikae kimya nikaanza kumweleza habari za panya wa mjini, jinsi wanavyonusa mabomu na makohozi, jinsi wanavyopimwa, na kwamba wazungu wamempa mmoja nishani. Alitaka kujua wanalishwa nini. Nikamwambia ndizi pia zimo. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akauliza kama wakishazeeka wanaliwa.

"Hapana," nikasema. "Wanatunzwa mpaka wafe."

"Hata akikosea?"

"Hata akikosea."

Akanipa sahani ya ndizi niiteleke motoni.