Daraja la Mwenzio Lisiwe Fimbo Yako

Mpwa wangu anasoma Wisconsin, Marekani, na kila Jumamosi usiku hukaa na wenzake watano kucheza Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua, mchezo huu hauna kete za kukimbizana wala mshindi. Kila mchezaji ana mhusika wake, awe mpiganaji, mwizi, kasisi au mchawi, na habari zote za mhusika huyo zimo kwenye karatasi moja. Mtu mmoja tu pale mezani hana mhusika: mpwa wangu, mwendesha mchezo. Huyo ndiye husimulia ndani ya pango mna nini na mlinzi wa lango kajibu nini, na dadu zikishatua ndiye husema limetokea lipi. Mhusika akishapitia mengi hupanda daraja na kupata nguvu mpya. Sasa, nani wa kusema kwamba huyu apande? Hilo ndilo lililomfanya mpwa wangu anipigie simu.

"Shikamoo mjomba. Hivi mimi ndiye nimekosea, au wao?"

Wanne kawapandisha kutoka daraja la nne kwenda la tano. Wa tano, dada mmoja mwenye kazi ya zamu, kamwacha palepale. Kisa, amekosa vikao viwili. Nikamwambia anipe na sababu ya pili, maana sauti yake ilikuwa nayo. Akakohoa. Wiki tatu nyuma alikuwa ameandaa vita vikali na majambazi kwenye njia ya mlimani, ramani kaichora siku mbili kwa rangi. Dada yule, ambaye mhusika wake ni mwizi, akamsogelea mkuu wa majambazi, akampiga maneno, akamwachia pete ya bandia, na msafara mzima ukapita bila panga kutoka alani. Meza ikavunjika mbavu kwa kicheko. Ramani haikufunguliwa.

"Kwa hiyo unamlipisha ramani," nikamwambia. Kimya.

Nami mchezo huo niliucheza nikiwa mwanafunzi, na kuuendesha nimeuendesha, kwa hiyo najua utamu wa kukalia kiti kile. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, hesabu yake kimsingi ilikuwa ya dukani: sarafu moja ya dhahabu uliyoitoa pangoni ni alama moja ya uzoefu. Mpiganaji akifikisha alama 2,000 yuko daraja la pili. Mwendesha mchezo aliweza kuificha dhahabu atakako, lakini mkishaipata mmeipata.

Mwaka 1979 Gygax akatoa kitabu cha waendesha mchezo, na humo akakaza kamba. Kutimiza alama hakukutosha tena. Kila baada ya safari mwendesha mchezo alimpima mchezaji kwa namna alivyoitenda kazi ya mhusika wake, 1 ikiwa bora na 4 ikiwa hafifu. Mpiganaji aliyejikunyata nyuma ya wenzake alipata hafifu, na mwizi aliyekurupuka kupigana uso kwa uso hali kadhalika. Wastani wa vipimo hivyo ndio ulikuwa idadi ya wiki za mafunzo kabla ya kupanda, na kila wiki ilitozwa sarafu 1,500 mara daraja lake. Piga hesabu ya mtu wa daraja la nne: aliyepimwa bora alilipa sarafu 6,000, na aliyepimwa hafifu 24,000. Mimi sikuipenda kanuni ile, ilinukia ukarani. Lakini iliandikwa, na mchezaji aliweza kuisoma kabla hajaonja adhabu yake.

Nikamwambia mpwa wangu, haya, tumpime dada huyo kwa mizani hiyo hiyo kali. Mwizi kakwepa vita, kadanganya kwa pete ya bandia, kawavusha wenzake salama. Hiyo si kazi ya mwizi? Gygax mwenyewe angempa 1.

Ipo michezo iliyomwondolea mwendesha mchezo mzigo huu wa kupima watu. RuneQuest, mwaka 1978, iliweka alama kwenye kila ujuzi uliofanikiwa kuutumia, na baadaye ukarusha dadu ya mia: ikizidi kiwango chako unapanda, isipozidi unabaki, huna wa kumbembeleza. Dungeon World ya mwaka 2012 inakupa alama pale unaposhindwa, na hilo nalipenda mno. Dungeons & Dragons ya mwaka 2014 iliacha njia mbili: hesabu alama, na daraja la tano ni 6,500, au acha hesabu na uwapandishe watu hadithi inapofika mahali fulani. Mpwa wangu kaishika hii ya pili. Haina ubaya. Ila nilipomuuliza mahali fulani ni wapi, akasema, "Nikiona wakati umefika, mjomba."

Hilo "nikiona" ndilo nilijualo. Mwaka mmoja wa baridi kali nilimpandisha rafiki yangu daraja mbele ya wenzake. Nilisema mezani kwamba kapigana kishujaa. Ukweli ni kwamba ndiye aliyekuwa akinirudisha nyumbani kwa gari lake, na kila mmoja pale alilijua gari hilo. Hakuna aliyesema neno. Wiki iliyofuata walikuja wawili.

Ewe mwenye kiti hicho, mizani itaje kabla dadu ya kwanza haijarushwa. Sema: mkimtoa mfungwa ngomeni mnapanda, wote. Na ukishasema, usiisogeze ngome. Kama mtu anakuudhi kwa kuchelewa au kwa kuchezea simu, mwite pembeni mwambie hivyo kwa kinywa chako. Usimfichie hasira ndani ya namba halafu uiite kanuni. Na aliyekosa vikao usidhani umemfunza kwa kumwacha nyuma. Kwenye daraja la tano mpiganaji anapiga mara mbili kila zamu yake, na mchawi anapata moto wa kuteketeza chumba kizima. Mwenye daraja la nne atakaa katikati yao akiwashikia taa. Na dada yule, kazini alikokuwa, hakwenda kustarehe.

Wachezaji nanyi msimgande mwendesha mchezo wenu kama wadai kila kikao kinapokwisha. Naye kachoka.

Nikamuuliza karatasi ya dada ikoje. Akaenda kuitafuta, nikasikia droo ikifunguliwa. Pale penye daraja, akasema, kulikuwa na 5 ya penseli iliyokwisha kufutwa, na juu yake 4, na karatasi imekwanguka mpaka mwanga unapita. Dada alikuwa ameiandika hiyo 5 mwenyewe mapema, siku ile ya majambazi, wenzake wakimshangilia.

"Mpigie leo," nikamwambia, "usingoje Jumamosi. Na usianze na habari ya kumpandisha. Anza na ramani."

Amempigia mara mbili. Simu inaita tu. Dada yuko zamu ya usiku.