Imani isikae kwenye mapengo ya sayansi

Mimi ni muumini, na sina shaka kwamba uhai una Mwenyewe. Ndiyo maana nina neno na waumini wenzangu wanaoutafuta ushahidi wa Mungu katika yale ambayo wanasayansi bado hawajayafumbua.

Hoja yao ni ya zamani. Mwaka 1802 kasisi wa Kianglikana wa Uingereza, William Paley, aliandika kwamba ukikuta saa nyikani utajua ina fundi wake. Basi na viumbe hai wana fundi wao. Mwaka 1996 mwanabiokemia Mmarekani, Michael Behe, aliihuisha hoja hiyo kwa mkia ambao bakteria huogelea nao. Ukiondoa sehemu moja, alisema, mkia wote haufanyi kazi. Kwa hiyo haukuweza kujengeka kidogo kidogo.

Hoja ikafika mahakamani. Bodi ya shule za Dover, Pennsylvania, Marekani, iliagiza wanafunzi wasomewe tamko linalowaelekeza kwenye nadharia ya msanifu mwenye akili. Wazazi wakashtaki. Shahidi wao, mwanabiolojia Kenneth Miller, Mkatoliki, alieleza kwamba baadhi ya sehemu za mkia huo zinafanana na chombo ambacho bakteria wengine hudungia sumu kwenye seli. Zina kazi, basi, hata pasipo mkia. Desemba 20, 2005 Jaji John Jones aliamua kwamba nadharia hiyo si sayansi, na kuifundisha katika shule za umma ni kuvunja Katiba.

Sayansi nayo ina mipaka yake. Mwaka 1953 Stanley Miller wa Chuo Kikuu cha Chicago alipitisha cheche za umeme katika mvuke wa maji, methani, amonia na hidrojeni, akapata asidi amino, ambazo hujenga protini za viumbe hai. Kutoka hapo hadi seli hai njia ni ndefu, na hakuna maabara iliyoimaliza. Hata ikimalizwa, tutajua uhai ulianzaje. Hatutakuwa tumeambiwa tuuishi kwa ajili ya nini.

Imani iliyojengwa juu ya pengo hubomoka pengo likizibwa, na anayeumia ni kijana tuliyemfundisha hivyo. Tuwaache watoto wetu wasome mageuzi ya viumbe darasani bila hofu. Nyumbani, kanisani na msikitini tuwafundishe shukrani, haki na huruma. Mungu hapungukiwi kitu mwanadamu anapojua zaidi.