Cheni Mpya, Tenshona ya Zamani: Je, Ni Lazima Kusema?



Likizo hii hapa Chiwata nimeulizwa swali ambalo halikuwemo kwenye mtihani wangu wowote wa falsafa. Kaka mmoja ana Probox ya zamani, ile ya injini ya 1NZ. Kila asubuhi ikiwashwa ilikuwa inapiga kelele kama bati linalokwaruzwa, kisha inatulia. Akabadilisha cheni ya taimingi mwenyewe, nyumbani, chini ya mkorosho. Cheni ni mpya kabisa. Tenshona na zile plastiki zinazoiongoza cheni amerudisha za zamani, maana hela haikutosha. Sasa anataka kuuza gari msimu huu wa korosho, watu wakiwa na fedha. "Frateri, nikimwambia mnunuzi nimefunga cheni mpya, nimedanganya?"

Kwa wasiojua magari, cheni hiyo inaunganisha krenkishafti ya chini na kamshafti za juu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, ndiyo valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati wake. Fundi anapanga vile vipande vya rangi vya cheni kwenye alama za gia, halafu anazungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili mizima, kabla hajagusa swichi. (Vipande vya rangi havitarudi kwenye alama baada ya mizunguko hiyo. Usihangaike, angalia alama za gia zenyewe.) Kaka yetu alifanya yote hayo, tena kwa utulivu. Kijana anayejifunza kazi ya mikono uani kwao namheshimu sana.

Shida ni tenshona. Inasukumwa na presha ya oili ili kuibana cheni isilegee. Ikichoka, hata cheni mpya inacheza. Cheni ikiruka meno, taimingi inapotea, na pistoni inaweza kugonga valvu. Hapo umeua injini. Na yote haya yako nyuma ya kava lililozibwa kwa silikoni. Mnunuzi afungue boneti, ainame nusu saa, apige na tochi, haoni kitu.

Hapo ndipo Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia, ingawa yeye alizungumzia farasi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachouza. Hasemi utaje kila kitu. Farasi mwenye jicho moja kila mtu anamwona, kwa hiyo ukishapunguza bei inavyostahili, huna haja ya kupiga mbiu. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima uitaje. Mkwaruzo wa mlangoni ni jicho la farasi. Tenshona iliyochoka ni jambo jingine kabisa. Mfikirie mtu anayepanda kwenda Newala, gari limejaa, injini inazimika kwenye kona. Au anampeleka mama mjamzito hospitali ya Ndanda usiku.

"Lakini cheni kweli ni mpya!" Ndiyo, ni mpya. Ila jiulize kwa nini umechagua kusema hilo na si lile. Unataka asikie "cheni mpya" aelewe "tatizo limekwisha". Maneno yako ni ya kweli, lakini picha unayomjengea kichwani ni ya uongo, na umeijenga kwa makusudi. Sisi huku tunaijua dhambi hiyo vizuri tukiwa upande wa kupunjwa. Mizani ya korosho ikikula kilo, hatumwachii mpimaji eti kwa sababu jiwe lake ni chuma halisi.

Wapo watakaosema gari la mkononi ni bahati nasibu, kila mtu aje na fundi wake. Hoja hii ina ukweli kidogo. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuuliza. Lakini fundi wake hatabomoa kava la injini isiyo yake. Wengine watasema, na mimi niliuziwa hivyohivyo. Hii inaniuma zaidi, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, aliyekupunja hayupo kwenye biashara hii. Anayelipa ni mjomba wa mtu, na hela yake ni jasho la mwaka mzima shambani.

Umaskini je? Siuchukulii kirahisi. Kusema ukweli kutampotezea kaka huyu fedha, na ana ada za wadogo zake. Lakini Katekisimu, namba 2409, inapotaja makosa dhidi ya haki katika mali, inataja kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako, na inataja pia kazi iliyofanywa vibaya. Shida yangu hainipi ruhusa ya kutumia kutojua kwako.

Basi nilimjibu kwamba sentensi ya haki ni fupi tu: cheni mpya, tenshona na plastiki za zamani, ukisikia kelele asubuhi usiendelee kuendesha. Halafu bei ishuke kwa thamani ya tenshona, plastiki, silikoni, na ufundi wa kufungua lile kava upya, maana hiyo kazi ya kufungua ndiyo kubwa kuliko vifaa vyenyewe.