Wageni katika Mikoko ya Gazi
Kwa wakazi wa Kisoko na wa mpaka mzima wa Tororo na Busia, nchini Uganda, ambako mafunjo ya vinamasi yamekuwa yakifyekwa kupisha mpunga, mfano wa Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale, unastahili kutafakariwa asubuhi hii. Huko wasafiri wa kujitolea wa shirika la Earthwatch waliingia topeni pamoja na wanakijiji na watafiti wa bahari wa Kenya, wakapanda mikoko, yaani miti istahimiliyo maji ya chumvi, na kuipima iliyokomaa kwa kuzungushia utepe shina, juu kidogo ya mzizi wa juu kabisa. Vipimo vya aina hiyo ndivyo msingi wa Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hati za hewa ukaa, yaani vyeti vya kiasi cha gesi kilichofyonzwa na miti, ulioanza mwaka 2013, na mapato yake yamewapa watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni maji safi na vitabu vya shule. Hata hivyo, heshima kubwa zaidi ni ya wenyeji, kwa kuwa mgeni hukaa siku chache akarejea kwao, ilhali kamati ya kijiji ndiyo hubaki ikiilinda miche hiyo dhidi ya mashoka, mwaka baada ya mwaka.